Kutoka katika mizunguko miwili kwa mara moja

Wengi wetu tunaotayarisha TFC katika isimu sasa tunatafuta mifano yetu kwa kompyuta. Tuchukue swali la kawaida: katika maandishi yaliyopangwa kwa miaka, ni andiko gani la kwanza lenye neno «njo», lile ambalo watu wa Lubumbashi hulitumia mahali ambapo Kiswahili sanifu kina «ndiyo» au «ndiye»?

Programu inahitaji mizunguko miwili. Wa nje hupitia maandishi moja baada ya jingine. Wa ndani hupitia mistari ya kila andiko. Neno likipatikana, jina la andiko huwekwa akiba na programu huamriwa break, yaani katiza. Shida huanzia hapo, kwa sababu katika Python amri hiyo hukatiza tu mzunguko ulio karibu nayo. Ule wa nje huendelea, hufungua andiko linalofuata, hukuta «njo» tena, na jina jipya hufuta la zamani. Mwishoni skrini huonyesha andiko la mwisho lenye neno hilo, si la kwanza, wala kompyuta hailalamiki. Mwanafunzi ataandika kwa moyo mweupe kwamba neno lilizuka 1990, kumbe limo katika barua ya 1950.

Mimi naliona kuwa swali la urejeleo, kama «yeye» katika sentensi yenye watu wawili. Python hujibu: aliye karibu. Java huruhusu mzunguko upewe jina, kisha break hulitaja. PHP huhesabu: break 2 hutoka katika miwili. Mwaka 2007 pendekezo PEP 3136 lilitaka Python nayo ipate majina hayo. Guido van Rossum, aliyeiunda, alilikataa, kwa kuwa aliona programu zinazoyahitaji kweli ni chache mno. (Hakuwa na mkusanyo wa matini mikononi, nadhani.)

Njia ninayoipenda ni kuiweka mizunguko yote ndani ya fonksioni moja:

def andiko_la_kwanza(maandishi, neno):
    for jina, mistari in maandishi:
        for mstari in mistari:
            if neno in mstari.split():
                return jina
    return None

Return huondoka na jibu na kuiacha mizunguko yote, hata ingekuwa mitano. Neno likikosekana kabisa, tunapata None.

Msiiondoe split(): bila hiyo, kila «njoo» itahesabiwa kuwa «njo». Nayo «njo,» yenye mkato haitaonekana mpaka alama za uandishi zifutwe kwanza.