Unasali wapi?

Ukikutana na mtu mpya Korogwe, stendi au kwenye foleni ya zahanati, soga zikishanoga hakuulizi una dini gani. Anakuuliza, "Unasali wapi?" Kule Buganda, Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji, maana kuingia dini na kushika kitabu vilikwenda pamoja. Kusali na kusoma: watu walimtambua muumini kwa kile anachokirudia.

Nawafundisha wasomaji wa masomo kanisani, na wengi wanaonijia wakisema wamepoa kiroho hawaniulizi habari ya kurudia. Wananiuliza mkesha ujao ni lini.

Sina ugomvi na mikesha. Lakini mtu wa Handeni hahitaji kufundishwa tofauti ya mvua na bomba. Masika yakipiga, malambo yanajaa na kila mtu anachangamka. Kiangazi kikikaza, akina mama wako njiani na ndoo tangu alfajiri. Ndiyo maana kwa miaka mingi mji umetegemea maji yanayosukumwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi ambao wenyeji wanauita HTM tu. Bomba halipigiwi vigelegele. Watu hulikumbuka siku limekatika. Sala ya kila siku iko hivyo hivyo.

Na utaratibu wake si wa jana. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto alitaka watawa wake wamalize Zaburi zote 150 kila wiki. Mwaka 1549, kule Uingereza, Askofu Mkuu Thomas Cranmer alizichukua saa za sala za watawa. Akazibana zikawa sala mbili, ya asubuhi na ya jioni, na Zaburi akazigawa kwa siku 30, wastani wa tano kwa siku. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, walikuja na mpango huo kutoka Zanzibar hadi Magila, kisha Korogwe, ambako leo ndiko makao makuu ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana. Askofu wao Edward Steere alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, na sala zikasaliwa kwa lugha ambayo Mzigua, Mbondei na Msambaa waliweza kukutana nayo.

Kwa nini Zaburi? Kwa sababu anayesali kwa maneno yake peke yake huishiwa mapema: afya, ada, mvua, adui, amina. Zaburi humlazimisha kusema hata asichokihisi leo. Kwa mgawo ule wa siku 30, tarehe 17 asubuhi zamu huangukia Zaburi ya 86 hadi ya 88, na hiyo ya 88 ni kilio kinachoishia gizani, bila faraja yoyote mwishoni. Pengine wewe umeamka na furaha, mahindi yamestawi, mtoto kafaulu. Unaisali hivyo hivyo, kwa niaba ya jirani aliyefiwa. Miezi ikipita, mfiwa ni wewe, koo limekauka, na maneno unayo tayari. Huko ndiko kuhuishwa ninakokujua mimi, na hakuna mkesha mmoja unaoweza kukupa.

Kosa ninalolikuta kila mahali ni hili: mtu anafumba macho, anafungua Biblia popote, kidole kinatua kwenye mstari, na huo ndio "neno la leo". Sisi wa Tanga, mkoa unaosifika kwa waganga, tulipaswa kuitambua ramli tunapoiona, hata ikivaa jalada jeusi. Mstari uliong'olewa utasema chochote unachotaka kusikia. Soma kitabu kwa mfululizo, toka mwanzo hadi mwisho, ili nacho kipate nafasi ya kukukatalia.

Hesabu yake si ya kutisha. Agano Jipya lina sura 260: sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na wiki 52 zikiisha nalo limekwisha barabara. Mithali ina sura 31, hivyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo.

Tena soma kwa sauti. Nyumba nyingi zina Biblia moja, na mara nyingi mwenye macho mazuri ni mtoto wa darasa la tano. Mpe yeye asome. Kiswahili cha Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, kitamkwaza hapa na pale. Bibi atalifafanua neno gumu kwa Kizigua, na mara nyingi ufafanuzi huo unazidi mahubiri ya Jumapili. (Nasema hivyo nami nikiwa mmoja wa wahubiri.)

Saa ya kuanza isikusumbue. Adhana ya alfajiri inawaamsha Waislamu majirani zetu, na Mkristo aliye macho kitandani hana udhuru. Ila sikuahidi kwamba utahisi kitu. Wiki ya pili uvivu huingia, na siku moja utairuka. Usijaribu kulipa deni la sura saba kwa usiku mmoja. Soma ya leo, ya jana iache.

Anza na kitabu cha Marko. Kina sura 16 tu. Ukianza Jumatatu hii, utakimaliza Jumatatu ya wiki ya nne.