Kuufundisha Mkono Uliosahauliwa

Mtoto mchanga hana mkono anaoupendelea; kabla ya kutimiza mwaka mmoja hunyakua kitu kwa mkono wowote ulio karibu. Basi mama wa Mwazye akileta kliniki mtoto wa miezi saba anayenyoosha mkono mmoja tu, na wa pili ameukunja ngumi, asiambiwe kuwa mwanawe ni wa mashoto. Huenda ni mtindio wa ubongo uliogusa upande mmoja wa mwili, na apewe rufaa ya Sumbawanga pasipo kungoja.

Mtindio wa ubongo si laana wala si nadra. Utafiti wa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria watoto wapatao 3 katika kila 1,000.

Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini mkono usiotumika huzidi kusahauliwa. Edward Taub wa Marekani aliligundua jambo hili kwa kima: mnyama aliyeshindwa mara nyingi kuutumia mkono hujifunza kuuacha. Ndipo ikazuka tiba ya kuuzuia mkono mzima kwa glavu laini au soksi, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Glavu huvaliwa wakati wa mazoezi tu, mbele ya mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, nusu saa kwa siku hutosha.

Njia ya pili ni michezo inayodai mikono yote miwili, nayo hufaa sawasawa ikiwa saa za mazoezi ni zile zile. Hapa Ufipa vifaa vipo jikoni: kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kushika bakuli huku mkono mwingine ukikoroga uji wa ulezi. Mtoto mwenyewe achague analotaka kuliweza, kisha alirudie. Mabadiliko ya kuonekana huhitaji jumla ya saa 30 hadi 40. Saa moja kila siku hufikisha hapo kwa wiki sita hivi, hata kwa mzazi asiye na nauli ya kwenda mjini kila juma.

Kumkanda na kumvuta viungo mtoto aliyelala tu, ambako wazazi wengi huelekezwa, hakuufundishi mkono kazi. Anayefanya zoezi hapo ni mzazi.