Siku nne zilizobaki: namna kilabu ya kijijini inavyolea viongozi vijana



Mwisho wa ibada moja, katika paruwasi ya kijijini tulikotembelea, mama mmoja alitungojea mlangoni. Hakutaka maombi. Alituuliza: «Mchungaji, mtoto wangu ana miaka kumi na tano. Masomo aliacha kwa sababu ya franga. Hapa kanisani ana kazi gani?» Tukajibu upesi: «Mama, kwaya iko.» Akasema: «Kwaya wanajifunza Jumatano na Jumamosi, na Jumapili wanaimba. Hizo siku nne zilizobaki, ni nani anayemwita?»

Sisi wote katika sehemu hii ya inchi tunajua ni nani anayewaita. Kuna machimbo. Kuna wenye silaha wanaopita wakitafuta vijana wenye nguvu. Kuna barabara ya kwenda mjini, ambako kijana anafika na namba moja tu ya simu mfukoni. Hao wote wanampa kijana kitu ambacho sisi tunachelewa kumpa: kazi ambayo watu wanaiona, na jina mbele ya wenzake. Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta kujua namna gani watu wa vijijini mahali pengine wamelea vijana wao kwa kazi na kwa uongozi. Leo tunataka kuwaeleza habari ya mfano mmoja wa zamani, kisha tuone ni nini tunaweza kuchukua.

Mwanzo wake: watoto 30 na muhindi

Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 1902, huko Ohio, Marekani, msimamizi mmoja wa shule za vijijini, jina lake A. B. Graham, aliwakusanya watoto karibu 30, wavulana kwa wasichana, katika chumba cha chini cha jumba la korti ya mji wa Springfield. Watoto hao walikuwa wa wakulima. Shule ilikuwa inawafundisha kusoma na kuhesabu, lakini haikuwa na neno juu ya shamba ambalo wangerudi kulilima. Graham akawapa kazi: kupanda muhindi wa mbegu zilizochaguliwa, kulima mboga na maua, kupima udongo, na kuandika yote waliyoyaona.

Wakati ule vikundi vya namna hii vilizaliwa mahali pengi katika inchi ile. Kulikuwa sababu moja kubwa. Wataalamu wa kilimo walikuwa na mbegu na njia mpya, lakini wazee wa vijijini hawakutaka kuziamini. Watoto walikubali kujaribu. Baba alimpa mtoto kipande kidogo pembeni ya shamba, na wakati wa mavuno akaona kwa macho yake. Mwaka 1910, katika jimbo la South Carolina, kijana mmoja mwenye miaka 15, Jerry Moore, alivuna zaidi ya tani 5 na nusu za muhindi katika eka moja, wakati wakulima wengi wa jimbo lake hawakufikisha hata tani moja katika eka. Mwaka ule ule, katika jimbo hilo hilo, mwalimu mmoja mwanamke, Marie Cromer, alianzisha kikundi cha wasichana waliolima nyanya, wakazitia katika mikebe na kuziuza. Wasichana wengi walishika franga za jasho lao kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kuunganisha vyuo vikuu vya kilimo na wakulima wa vijijini, na vikundi hivi vikapata walimu wa kudumu. Jina lililoshika ni 4-H, kutokana na maneno manne ya Kiingereza yanayoanza na herufi hiyo: kichwa, moyo, mikono na afya. Leo vijana karibu milioni 6 wako ndani yake, na si wa vijijini peke yao. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na kilabu za 4-K katika shule zao tangu miaka ya 1960: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Zililala muda mrefu, na mwaka 2021 serikali yao ikaziamsha tena.

Namna kilabu inavyofanya kazi

Mtu akisikia «kilabu» anafikiri mpira na michezo. Michezo iko, lakini nguzo za kazi hii ni nne.

Ya kwanza ni kazi ya kila mmoja. Kila mtoto anachagua mradi wake: kuku, sungura, bustani, kushona, kupika, kutengeneza vyombo. Mnyama ni wake. Akifa kwa kusahauliwa, ni yeye anayeeleza mbele ya wenzake.

Ya pili ni kitabu. Kila mtoto ana daftari ambamo anaandika siku aliyoanza, alichotumia, alichopata, kilichoharibika na kwa sababu gani. Kwa njia hiyo mtoto wa miaka 12 anajua tofauti ya franga iliyoingia na faida. Wazee wangapi wa makanisa yetu wanaijua?

Ya tatu ni mkutano. Kilabu inakutana mara moja kwa mwezi au zaidi, na wanaoongoza mkutano ni vijana wenyewe. Wanachagua mwenyekiti, msaidizi wake, mwandishi, mtunza sanduku na mtoa habari, na uchaguzi unarudiwa kila mwaka. Mtu akiwa na wazo analitoa. Mwingine analiunga mkono. Wote wanazungumza, kila mmoja kwa zamu. Kisha wanapiga kura na mwandishi anaandika. Katika mkutano unaofuata, yale yaliyoandikwa yanasomwa kwanza, ili watu wote wakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Ya ine ni maonyesho. Mwisho wa msimu, vijana wanaleta kazi zao mbele ya kijiji kizima. Mwamuzi anamwuliza mtoto maswali: umelisha nini? Kwa nini umechagua mbegu hii? Mwaka ujao utabadilisha nini? Hapo mtoto mwoga anajifunza kusimama mbele ya watu na kusema jambo analolijua.

Uongozi unapanda kwa ngazi. Watoto wa miaka 5 mpaka 7 wana kikundi chao, na hawawekwi katika mashindano. Kuanzia miaka 8 hivi mtoto anakuwa na mradi wake. Anapokomaa, anapewa kuwafundisha wadogo. Mwisho, kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kusimamia mradi mzima wa wadogo, na mtu mzima akikaa nyuma. Mtu mzima yuko siku zote, lakini kazi yake ni kuuliza maswali, kulinda na kungoja. Hiyo ya kungoja ndiyo ngumu kwetu.

Hatusemi kwamba mambo yao yote yalikuwa mazuri. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, watoto weusi na watoto weupe walitengwa, kila rangi na kilabu yake, mpaka miaka ya 1960, na vile vya weusi vilipewa msaada mdogo. Njia nzuri ya kulea inaweza kukaa ndani ya desturi mbaya. Na sisi tujiulize: katika vikundi vyetu, je, mtoto wa kabila lingine anapata kiti? Binti anachaguliwa kuwa mwenyekiti, ao anaitwa tu wakati wa kupika?

Kosa letu sisi wenyewe

Tunapaswa kusema ukweli. Miaka ya nyuma tulianzisha kikundi cha vijana wafugaji katika paruwasi moja tuliyoitumikia. Tulinunua sungura, tukajenga vibanda. Vijana walifanya kazi kwa furaha, wakauza, wakaweka franga sandukuni. Lakini sanduku lilikaa kwetu, na ufunguo kwa wazee. Mvua ilipoharibu sehemu ya paa la kanisa, baraza lilichukua franga za vijana ili kununua mabati. Hakuna aliyewauliza. Tulifikiri: kazi ni ya Mungu, na vijana ni wa kanisa.

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Jumamosi ya pili hakuja mtu. Kwa muda mrefu tulihubiri juu ya uvivu wa vijana wa siku hizi, mpaka mzee mmoja akatuambia kwa upole: «Mchungaji, wangewapa zile franga kama mngeliwaomba.» Tulinyamaza. Baadaye tulisikia kwamba wawili kati yao walikwenda kwenye machimbo ya zahabu. Mmoja hatujapata habari yake mpaka leo.

Lile paa lilifunikwa. Lakini tulikuwa tumewafundisha vijana kwamba kazi ni yao na uamuzi ni wetu. Kijana aliyefundishwa hivyo, hata akikaa kanisani, hataweza kuongoza. Na akiondoka, atamfuata yeyote atakayempa neno.

Tuanze na nini?

Hatuhitaji kungoja msaada wa mbali. Katika Kivu ya Kusini watoto wengi tayari wanafuga kobayi jikoni, karibu na moto. Ni mnyama anayefaa sana kwa kilabu. Anakula majani, hahitaji nafasi kubwa, jike anabeba mimba miezi miwili na siku chache tu na kuzaa watoto 2 mpaka 4, na mbolea yake inakwenda bustanini. Tena, mbuzi na ng’ombe ndio wanaoibwa kwanza wakati wa vurugu, lakini kobayi wanaweza kubebwa katika kikapu jamaa ikikimbia. Mahali pengine bustani ya mboga, maharagi au miche ya miti itafaa zaidi. Wanajua wao.

Njia yenyewe inaweza kuwa hivi. Vijana 10 mpaka 20 wanatosha. Kila mmoja apokee jike moja, na dume wazunguke kwa zamu. Jike akizaa, mtoto wa kwanza wa kike arudishwe kwa kilabu, apewe mwanachama mpya. Wanaofuata ni wa mfugaji. Kila mmoja awe na daftari. Yule asiyejua kuandika asifukuzwe. Apewe mwenzake wa kumwandikia, mpaka ajifunze kwa daftari hilo hilo. Vijana wachague viongozi wao kwa kura ya siri, kwa mwaka mmoja, na uongozi uwe na wavulana na wasichana. Sanduku liwe na vifunguo vitatu, kama wengi wetu tulivyozoea katika MUSO, na vifunguo hivyo vishikwe na vijana watatu wa jamaa mbalimbali. Mchungaji asishike hata kimoja. Hesabu zisomwe kwa sauti katika kila mkutano.

Tunaongeza maonyo machache, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Wakutane mchana, mahali wazi ambapo wazazi wanapita. Watu wazima wawili wawe karibu siku zote, mmoja wao mama, na mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja. Wazazi na mkubwa wa kijiji wapewe habari tangu mwanzo. Kilabu isifanye gwaride wala kuvaa mavazi yanayofanana na ya askari. Na mwanasiasa akileta zawadi za T-shirt wakati wa uchaguzi, vijana wawe na haki ya kukataa.

Faida inayopita kobayi

Tulipoanza kufikiri juu ya jambo hili, tulihesabu wanyama na franga. Sasa tunaona zaidi ile kura. Mtoto anatoa wazo lake, wenzake wanalikataa, 9 kwa 6. Anaumia. Lakini Jumamosi inayofuata anarudi, anachukua jembe, anafanya kazi iliyochaguliwa na wale 9. Na wale 9 hawamcheki. Katika sehemu yetu, watu wangapi wamekufa kwa sababu wakubwa hawakujifunza jambo hilo walipokuwa na miaka 12?

Maandiko hayatuachi bila mfano. Samweli alikuwa mtoto alipopewa ujumbe mzito, na mzee Eli alikubali kuusikia ingawa ulikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe. Bwana wetu, akiwa na miaka 12, aliketi kati ya walimu hekaluni, akisikiliza na kuuliza maswali, nao hawakumfukuza. Paulo alimwonya Timoteo asikubali kudharauliwa kwa ajili ya ujana wake. Lakini onyo hilo linatugusa hata sisi wazee, kwa maana ndio tunaodharau.

Yule mama wa mlangoni hatujampa jibu kamili. Tulirudi kwake na kumwomba yeye awe mmoja wa wamama wa kusimama karibu na vijana. Alikubali, kisha akauliza: «Na ufunguo, Mchungaji, utakuwa kwa nani?» Tukamwambia kwamba wataamua watoto.

Tunawaomba wazee wa kila paruwasi wakae pamoja na vijana wao mwezi huu, wawaulize swali moja tu: ni kazi gani mnataka kuifanya, ambayo mtaiongoza ninyi wenyewe? Kisha wanyamaze, wasikilize. Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.