Zawadi Haimfanyi Mtu Kuwa Mwenyeji

Msafiri asimamaye mjini Moshi asubuhi ya kiangazi huziona nchi mbili kwa mara moja. Akiinua macho kuelekea mlimani, huona migomba na mibuni imefungana kijani mpaka mpakani mwa msitu. Akigeuka nyuma, huiona tambarare ya Kahe na Arusha Chini, ambako mvua ni haba na jua ni kali. Baina ya nchi mbili hizi limekaa swali ambalo jamaa nyingi za Kilimanjaro wamejiuliza tangu zama za babu zao: kijana huyu aende akakae wapi?

Kwa Wachagga, kihamba si shamba tu. Ni makao, ni makaburi ya wazee, ni ng'ombe zizini, ni migomba na kahawa, na mfongo wa maji upitao kando. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na yule wa mwisho ndio waliotangulizwa katika urithi. Wa katikati walitafutiwa pahali pengine. Hapo zamani pahali pengine palikuwapo. Lakini Wajerumani walipotawala waliwagawia walowezi mashamba makubwa chini ya ukanda wa migomba, na utawala wa Waingereza uliofuata haukuondoa dhiki hiyo. Mchagga akabanwa: juu msitu, chini mashamba ya wageni. Leo vihamba vingi havifiki hata hekta 1, na ardhi iliyogawanywa mara tatu au nne haiwezi tena kugawanywa ikamlisha mtu.

Basi vijana wameondoka. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabu mkoa wa Kilimanjaro kuwa na watu 1,640,087. Ile ya 2022 ikakuta 1,861,934. Katika miaka hiyo taifa zima liliongezeka kwa zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, lakini mkoa huu haukufika hata asilimia 2. Sababu haikuwa uzazi peke yake, bali na safari. Nyumba ngapi huko Machame, Kibosho au Rombo zimebaki na wazee wawili tu, na watoto wao wako Dar es Salaam au Arusha, wakirudi siku chache za sikukuu kisha mlango ukafungwa?

Miji inayotoa zawadi

Jambo hili si la Kilimanjaro pekee. Katika nchi nyingi vijiji vimeanza kuwaita watu kwa fedha. Kijiji kidogo cha Albinen, katika milima ya Uswisi, kilipiga kura mwaka 2017 kumpa kila mtu mzima atakayehamia faranga 25,000, na kila mtoto faranga 10,000. Sharti lake awe hajafika miaka 45, awe na nyumba hapo, na akiondoka kabla ya miaka 10 arudishe fedha. Mwaka 2019 mji wa Sambuca, katika kisiwa cha Sisilia, ulitangaza kuuza nyumba zilizoachwa kwa euro 1, ili mradi mnunuzi azitengeneze kwa muda uliowekwa. Na serikali ya Japani mwaka 2023 iliongeza msaada kwa jamaa wanaotoka Tokyo kwenda mashamba, hata ukafika yen milioni 1 kwa kila mtoto.

Msomaji atasema: laiti wangekuja kwetu na fedha hizo! Lakini tusifanye haraka. Sisi nasi tulikwisha kujaribu kuwavuta watu kwa zawadi, na somo tulilolipata lafaa likumbukwe.

Tuliyoyaona wenyewe

Mwaka 1961 wajumbe wa Benki ya Dunia walitoa ripoti juu ya uchumi wa Tanganyika, wakashauri watu wahamishiwe katika makazi mapya yenye mitambo na usimamizi wa kitaalamu. Serikali ikalikubali shauri hilo. Makazi kama Upper Kitete, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Karatu, yakafunguliwa. Wakaaji wakapewa ardhi, matrekta na mbegu, na posho ya kuwatunza mpaka wavune. Katika Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano ulioanza 1964 ilikusudiwa makazi ya namna hii yafike zaidi ya 60. Lakini mwezi wa Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba mengine mapya hayataanzishwa.

Kwa nini? Gharama ilikuwa kubwa mno, na madeni yaliwaelemea wakaaji. Zaidi ya hayo, mtu aliyepewa kila kitu alijiona kuwa kibarua wa serikali, si mwenye shamba. Trekta likiharibika, alingoja bwana shamba aje. Na posho ilipopungua, moyo nao ulipungua. Kisha katika miaka ya 1973 hadi 1976 ikaja njia iliyo kinyume chake: mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini kwa amri, na pengine kwa nguvu. Zawadi haikumfanya mtu kuwa mwenyeji. Wala amri haikumfanya.

Sasa na tutazame chini ya mji wa Moshi, Mabogini na Chekereni. Huko, katika miaka ya 1980, mifereji ilijengwa kwa msaada wa Japani, ikakamilika mwaka 1987, kuyaleta maji ya mito ya Njoro na Rau katika mashamba ya mpunga yapatayo hekta 1,100. Mavuno ya hekta moja yakapanda sana, na tambarare iliyoogopwa kwa homa ya malaria na ukame ikawa nchi ya kutamaniwa. Hapana aliyelipwa faranga ili aupende mpunga; maji yalitosha kumwita.

Lakini uzuri huo ulizaa taabu yake. Wakulima wa upande wa juu, walipoona faida ya mpunga, nao wakayafungulia maji mashamba yao, na maji yaliyofika chini yakawa hayatoshi. Mashamba mengine yaliyochimbiwa mifereji yakabaki makavu. Maji humwita mtu, lakini uadilifu katika kugawana maji ndio umwekao.

Mfano wa Madina

Waislamu tunao mfano ulio mkubwa kuliko huu wote. Mwaka 622 Muhajirina walifika Madina wakiwa wameacha nyumba na mali zao Makka. Mtume (s.a.w.) akawaunga udugu na Ansari. Saad bin Rabii akamtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Huo ulikuwa ukarimu usio na kifani. Walakini Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko tu. Akaanza kwa jibini na samli, na baada ya muda akawa mtu wa kujitegemea.

Tuzingatie yaliyofanywa Madina. Msikiti ulijengwa mapema. Soko lilikuwapo, na baadaye Waislamu wakawekewa soko lao. Maji matamu yalikuwa ya kununuliwa katika kisima cha Ruma, mpaka Uthman bin Affan akakinunua na kukifanya wakfu. Na juu ya ardhi, Mtume alifundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, isiyo na mwenyewe, huwa yake; Sayyidna Umar akaongeza hukumu kwamba aliyeizungushia mipaka akaiacha miaka mitatu bila ya kuihuisha hana tena haki nayo. Hivyo mgeni alipata jirani, ibada, soko, maji na haki ya jasho lake. Na kwa haya akawa mwenyeji.

Lakini neno lile "isiyo na mwenyewe" lisipitwe. Mwaka 1862 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa wahamiaji eka 160 kila mmoja, ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa nchi waliyonyang'anywa wenyeji. Na tambarare iliyo chini ya Kilimanjaro haikuwa tupu kamwe. Wakahe walikaa humo, na Wamasai walichunga humo. Nchi isiyolimwa si lazima iwe haina mwenyewe, na zawadi ya mali ya mwenzio ni dhuluma hata ikitolewa kwa karatasi yenye muhuri.

Kwa wazazi na vijana

Basi kijana anayefikiri kuhama asiulize kwanza atapewa nini. Aende akaione nchi wakati wa kiangazi, maana katika masika kila mto una maji. Awaulize majirani, si mwuzaji peke yake. Aangalie zahanati, shule na madrasa viko umbali gani. Na asitoe fedha ya ardhi ya kijiji kwa maneno ya mtu mmoja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ugawaji hufanywa na Halmashauri ya Kijiji kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na hutolewa hati ya hakimiliki ya kimila. Mke naye aijue hati hiyo. Sheria hiyo haimnyimi mwanamke haki ya ardhi, wala dini yetu haikumnyima binti fungu lake.

Nao wazee wa vijiji, wa mlimani na wa tambarare, wanaotaka vijana wao warudi au wageni waje, wasihangaike kutafuta zawadi. Wazibue mifongo iliyoziba, wagawane maji kwa zamu ya haki, wamalize kesi za mipaka, na wamwachie kijana angalau sehemu ya kihamba aitawale yeye mwenyewe wangali hai. Baba asiyempa mwanawe neno katika shamba asishangae mwanawe akilitafuta neno hilo mjini.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, za mlimani na za bondeni, na atujaalie kuwa majirani wema kwa kila ajaye kukaa nasi. Amin.