Askari wa zamani mwenye ulemavu: msaada wake hutoka mlango upi?

Tumchukulie mzee aliyepoteza mguu vitani, mkazi wa Rukiri, anayefika katika ofisi ya sekta ya Remera, wilayani Gasabo, kuomba msaada wa fedha. Akielezwa kwamba jambo lake halimalizwi hapo, atarudi nyumbani akiamini amekataliwa. Pengine hakukataliwa. Nchini Rwanda msaada wa namna hii hutoka sehemu mbili, na kila moja ina kipimo chake.

Sehemu ya kwanza ni tume ya kuwaondoa wapiganaji jeshini na kuwarejesha katika maisha ya kiraia, iliyoundwa mwaka 1997. Imewahudumia watu wa pande zote: waliokuwa RPA, jeshi ambalo baadaye liliitwa RDF, waliokuwa FAR, jeshi la serikali iliyoanguka mwaka 1994, na waliorejea kutoka makundi yenye silaha nchini Kongo. Sheria namba 02/2007 ya tarehe 20 Januari 2007 ndiyo inayowalinda wapiganaji wa zamani wenye ulemavu. Siku hiyohiyo ilitolewa namba 01/2007, inayowahusu watu wenye ulemavu kwa jumla. Si ajabu zikachanganywa.

Hapa umaskini si swali la kwanza. Huulizwa kama mwombaji aliondolewa jeshini kwa utaratibu rasmi, na kama ulemavu wake unahusiana na kupigana kwake. Kisha madaktari hupima kiwango cha ulemavu, na kiwango hicho ndicho msingi wa posho, matibabu na hata nyumba. Aliyeondoka kimyakimya bila cheti ana kazi kubwa ya kujieleza.

Sehemu ya pili ni serikali za mitaa. Mpango wa VUP, ulioanza mwaka 2008, hutoa fedha moja kwa moja kwa kaya maskini zisizo na mtu awezaye kufanya kazi. Ombi huanzia mudugudu, likapitia akagari, ndipo likafika sekta. Sare aliyoivaa mzee zamani haihesabiwi. Kinachotazamwa ni kaya. Kwa hiyo anayeishi kwa kijana wake mwenye ajira anaweza kukosa, ijapokuwa mfukoni mwake hamna hata nauli. Kwa maoni yetu, huyu ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote, hasa ikiwa madaktari walimpa kiwango cha chini: huku ulemavu wake haukutosha, kule umaskini wake haukutosha.

Anayenyimwa ana haki ya kuuliza sababu, na aombe aandikiwe. Kwa barua hiyo anaweza kupanda hadi wilaya, na ikibidi hadi Ofisi ya Umuvunyi. Achukue kitambulisho, cheti cha kuondoka jeshini na karatasi za hospitali.

Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, nacho kilizungumzwa sana miongoni mwa wapiganaji. Hata hivyo barua na ipelekwe kwa Kinyarwanda, maana hakuna uhakika kwamba atakayeipokea atakisoma Kiswahili.