Kisukari cha Paka (4): Chupa na Bomba Lake

Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, imetuletea tena redioni mafundisho mazuri juu ya insulini ya watu. Juu ya paka, kimya. Waliofuata sehemu zilizopita wanajua jinsi kongosho la paka linavyochoka, na kwa nini dume mnene asiyetoka nyumbani ndiye anayeshikwa zaidi. Leo nazungumzia bomba la sindano peke yake, maana hapo ndipo paka anapouawa na mtu anayempenda.

Ili kulielewa bomba, tuanze na kipimo kilichoandikwa juu yake. Tarehe 14 Novemba ndiyo aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891, daktari wa Kanada aliyegundua insulini pamoja na Charles Best huko Toronto mwaka 1921. Hilo wengi wanalijua. Lisilosimuliwa vya kutosha, na kwangu ndilo tamu zaidi, ni habari ya kipimo. Insulini ya mwanzo haikuwa safi. Kila mara ilipotengenezwa ilitoka na nguvu tofauti, na mizani haikusaidia kitu. Basi wakaipima kwa sungura: wa kilo mbili, aliyekaa saa 24 bila kula, adungwe hadi sukari ya damu ishuke kufikia kiwango cha degedege. Theluthi ya dozi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa yuniti moja. Mwaka 1923, miaka mitano tu baada ya vita kuu, wataalamu walioitwa na Shirikisho la Mataifa walikaa Edinburgh wakaikubali, ili mgonjwa popote alipo apate haki ileile. Huo naona ni uungwana mkubwa.

Lakini walipatana juu ya yuniti, hawakupatana juu ya chupa. Zikauzwa chupa za yuniti 20 kwa mililita, za 40 na za 80. Huko Uingereza, bomba la kawaida lilikuwa na mistari 20 kwa mililita: mstari mmoja ulibeba yuniti 1, au 2, au 4, kutegemea chupa. Wagonjwa walihesabu mistari wakidhani wanahesabu yuniti, na wengine waliumia. Marekani ilileta U-100, yaani yuniti 100 kwa mililita, miaka ya 1970; Uingereza ikafuata 1983, Ufaransa 2000.

Wanyama wakaachwa nyuma. Caninsulin na ProZinc, zilizotengenezwa kwa ajili yao, bado ni U-40. Lantus, dawa ya watu ambayo madaktari wa mifugo huwaandikia paka, ni U-100. Mchimbaji anayebishana na mnunuzi pale Musompo, soko la madini la Kolwezi, juu ya asilimia iliyosomwa na Metorex, mashine ya kupima madini, anaelewa jambo hili kuliko wasomi wengi: uzito wa gunia haumwambii kitu mpaka ajue kiwango cha shaba ndani ya jiwe.

Mwenye paka wa hapa Kolwezi aliyeandikiwa Caninsulin, akienda duka la dawa za watu, huenda akapewa bomba la U-100. Akivuta hadi mstari wa 1, paka anapata yuniti 0.4 tu. Sukari haishuki, daktari anaongeza dozi bila kujua. Kinyume chake ni kibaya zaidi: Lantus kwenye bomba la U-40 ni dozi mara mbili na nusu. Sukari inashuka mno: paka anayumba, anapata degedege, anakufa.

Kwa hiyo namba ya chupa na ya bomba zilingane. Kifuniko cha bomba la U-40 mara nyingi ni chekundu, cha U-100 rangi ya chungwa, lakini watengenezaji hutofautiana, amini namba. Paka wengi huanza na yuniti 1 mara mbili kwa siku, na bomba la mililita 1 lenye mistari ya yuniti mbilimbili haliwezi kuipima. Kwa U-100, tafuta la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti. Likikosekana bomba la U-40, yuniti 1 ya dawa ya U-40 hufika mstari wa 2.5 kwenye bomba la U-100. Hesabu hiyo aiandike daktari, isifanywe kwa kichwa jikoni. Daktari anayeandika "yuniti moja" bila kutaja nguvu ya chupa na aina ya bomba hajamaliza kazi yake, na ningependa kitivo cha tiba ya mifugo cha Lubumbashi kiwafundishe hivyo vijana wake.

Paka akilegea baada ya sindano, mpake asali kwenye ufizi, umpeleke kwa daktari, usimdunge tena kabla ya kuambiwa. Sehemu ijayo: kuhifadhi chupa kwenye nyuzi 2 hadi 8 katika mji ambao umeme unakatika ilhali mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke ni majirani zetu.