Profesa Aliyetega Sikio

Profesa wa fasihi hudhaniwa kuwa mtu wa kujifungia na vitabu. Ramón Menéndez Pidal, aliyezaliwa A Coruña, Uhispania, mwaka 1869 na kupata uprofesa Madrid miaka 30 baadaye, alivisoma sana, lakini kazi yake kubwa ilipata mwelekeo kutoka kinywani mwa mwanamke mfua nguo. Mwaka 1900, yeye na mkewe María Goyri, msomi kama yeye, walikula fungate wakifuata njia aliyopita El Cid, shujaa wa karne ya 11, alipofukuzwa na mfalme. Karibu na El Burgo de Osma, mwanamke huyo aliwaimbia wimbo wa masimulizi, aina iitwayo romansi. Goyri akautambua: ulihusu kifo cha Juan, mrithi wa watawala wa Uhispania, Isabel na Fernando, aliyefariki mwaka 1497. Castilla, eneo la mji huo, lililosemekana kuzisahau romansi zake, lilikuwa bado linaziimba.

Tangu hapo wawili hao walitumia maisha yao kukusanya nyimbo hizo Uhispania, Amerika ya Kusini na kwa Wayahudi wa Moroko na mashariki ya Mediterania, ambao mababu zao walifukuzwa Uhispania mwaka 1492. Wapo watakaosema kwamba kinywa husahau na kuchanganya majina, kwa hiyo maandishi ndiyo ya kutegemewa. Lakini hata karatasi husahau: nakala pekee ya kale ya utenzi unaosimulia kisa cha El Cid imepoteza ukurasa wake wa kwanza, na Menéndez Pidal alilazimika kutafuta mwanzo wa kisa katika maandishi ya wanahistoria wa kale. Tena, matoleo mengi ya wimbo mmoja yakiwekwa pamoja, yanayofanana huashiria asili, na yanayotofautiana huonyesha kila kijiji kiliongeza nini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliupenda utenzi huo kupita kiasi, hata katika kitabu chake cha mwaka 1929 kuhusu zama za El Cid akauamini kama ushahidi wa historia. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, inalaumu namna alivyoutumia ushahidi, haiufuti ushahidi wenyewe. Wimbo waweza kukosea kuhusu vita na bado ukasema kweli kuhusu waliouimba. Anayefundisha fasihi bila kuwasikiliza hao anafundisha nusu ya somo lake.